Hodi ya Nne

Kwetu hodi ni tatu.
Ya kwanza kwa sauti ya kawaida,
ya pili umekaza koo kidogo,
ya tatu, na ndani kukiwa bado kimya,
unageuza viatu unarudi ulikotoka.
Wala hulaumiwi.

Ndivyo nilivyovifundisha vihisio ishirini na vitatu
tulivyovifukia mwezi Oktoba kwenye kifusi cha makaa
juu ya Pentre-glo, bonde la Rhondda,
mimi na Rhodri na sururu moja, kondoo wakitutazama
kama mwenye shamba atazamavyo vibarua.
Kila kimoja na betri ya kadiri ya kidole gumba
ambayo sharti idumu miaka minne.
Kila kimoja kinasikiliza kilima kikipumua,
kisha kinampa jirani neno, jirani ampe jirani,
mpaka kwenye paa la kanisa lisilosaliwa tena.

Neno likifika, mpokeaji huitika: labeka.
Labeka isiposikika, msemaji husema tena.
Mara tatu. Halafu hunyamaza, kulinda betri,
na neno linamwagika matopeni.
Tisini na saba kwa mia zilifika.
Niliziona nzuri.

Alhamisi usiku ilikuja mvua ya Wales,
ile isiyoanguka, inayohamia.
Nilikuwa jikoni kwa Nesta Prosser,
nyumba ya mwisho chini ya kifusi,
kompyuta juu ya kitambaa chake cha meza,
chai imeshika utando.
Kumi na saba alikuwa akituma:
mia nne na kumi na moja.
Mia nne na kumi na mbili.
Mia nne na kumi na nne.

"Ya kumi na tatu iko wapi?" akauliza Nesta,
miaka themanini na moja, miwani imeungwa kwa plasta.
Nikamweleza: magugu yaliyolowa humeza mawimbi,
labda kondoo kajikuna kwenye antena.
Moja tu, nikasema.
Akanimiminia chai nyingine ambayo sikuiomba.

"Baba yangu Idris alikuwa fundi taa mgodini.
Aliona chemchemi imetoboka tumboni mwa kile kilima.
Akaiandikia ofisi. Kimya.
Akaandika tena, kwa wino mzito zaidi. Kimya.
Ya tatu aliipeleka mwenyewe, mkononi mwa karani,
karani akaiweka chini ya sahani ya biskuti."

Kilima kilishuka Jumapili.
Hakikuua mtu. Kilichukua uzio, choo cha nje,
na banda la njiwa wake thelathini na wawili wa mashindano,
ambao hawajawahi kukosa kurudi.

"Hakuandika tena. Alisema katimiza wajibu wake.
Lakini kila mvua alikaa hapo ulipokaa wewe."

Ungejibu nini?
Nikafungua kanuni zangu nikaziandika upya.
Neno ni amana:
aliyelipokea asilifute mpaka aitikiwe.
Jirani akinyamaza, pita kwa mwingine, hata njia ikizunguka.
Na anayengoja, namba ikirukwa, asikae kungoja.
Aulize. Aitaje iliyopotea.

"Betri zitatuishia mwaka wa pili, wewe,"
Rhodri alinung'unika kwenye simu.
Ziishe. Tutapanda na nyingine mfukoni.

Saa tisa kasorobo nikapiga hodi ya nne.
Kumi na saba hakuitika.
Tisa aliitika badala yake: alikuwa ameipokea,
akashindwa kuifikisha, akabaki nayo
kama senti kwenye pindo la leso.
Mia nne na kumi na tatu:
milimita sita, kuelekea kusini.

Kusini ndiko jiko lilipo.

Nesta alikuwa amesinzia kitini.
Nikamwita. Nikamwita. Nikamgusa bega.
"Imefika," nikasema.
"Basi iambie kwamba imefika."

Nikaituma labeka ipande kilimani kwenye mvua,
nikamvalisha koti, mkono mmoja baada ya mwingine,
huku simu ya halmashauri ikilia sikioni mwangu.
Ililia mara tatu.
Sikukata.