Ukuta wa Kihesa

Dalali alisema, "Hapa kimya, utasoma."
Nikampa elfu kumi yake, na Mama Chengula
kodi ya miezi sita: pesa ya mahindi ya baba,
noti bado zina vumbi la ghala.

Kimya gani! Dirishani banda la chipsi,
kijiwe kinabishana mpira hadi saa nane,
luku moja, vyumba sita,
na umeme ukiisha naitwa mimi kwanza,
kwa sababu ya jiko la koili.

Kati yangu na Lusajo, ubao mwembamba.
Sheria, mwaka wa tatu.
Anakariri vifungu kwa sauti ya mhubiri.
Niligonga. Akashusha. Akapandisha tena.

Juni ikaja na baridi ya kung'ata masikio.
Mimi wa ualimu, chini ya mablanketi mawili,
nikajisikia nikipaza sauti:
"Umeruka notisi ya siku thelathini!"
Kimya.
Kisha kicheko, upande ule na huu.

Jana amehama, godoro juu ya guta.
Mama Chengula alipewa notisi.
Mimi sikupewa.

Mafuta ya chipsi yanalia, kijiwe kimechacha,
na mimi, saa nane, macho,
nasikiliza ubao.