Madebe Sitini

Maji yamekupwa. Tuko chini ya daraja la Mtimbwani,
tope la mikoko limenifika magotini.
Semhando ameshika ngazi, mimi nyundo.
Ko. Ko. Ko. Hapa pazima.
Ko. Ko. Bo.
"Rudia," anasema.
Bo.
Nachora duara kwa chaki, kama mganga.

Juu yetu lori la chokaa linapita,
vumbi linanidondokea shingoni.

Wahenga walituonya: usipoziba ufa.
Huu ulizibwa. Mara mbili.
Ukapakwa na rangi, njano na nyeusi,
siku ya ugeni wa mkoa.
Nao ukanenepa humo humo ndani,
maana kutu ni nene kuliko chuma ilichokila.

Nabandua ganda kwa patasi.
Nondo ya milimita kumi na sita
imebaki mwiba wa samaki.
Nanyunyiza dawa: zege lenye uhai huona haya,
hugeuka waridi.
Hili halikuona haya.

Napima ngozi yake. Sentimita moja na robo.
Mchoro unasema tano.
Ziko wapi biskuti?
Vile vitofali vya saruji, mtoto huweza kuvifyatua
kwa trei ya barafu,
vya kuinua nondo isilale juu ya mbao,
chumvi ikija iwe na safari ndefu.

Najua ziko wapi.
Mwaka wa themanini na nane boza la maji lilikwama Gombero,
na zege likishaanza halingoji mtu.
Baba alikuwa kibarua, zamu ya usiku.
Akachota pale pale horini.
Sitini, alikuwa akijisifu,
madebe sitini kabla ya adhana!
Biskuti zilipokwisha akategesha kokoto.
Kokoto zikateleza.
Kesho yake tulikula wali.
Daraja silikumbuki. Wali naukumbuka.

"Nani alijenga hili?" anauliza Semhando.
Nasema, "Halmashauri."

Kesho tutachonga mpaka chuma kiwe wazi pande zote,
tutakisugua king'ae,
tutafunga vipande vya zinki ubavuni mwa nondo,
kila kimoja na waya wake,
zinki ikubali kuliwa kwanza.
"Kafara," Semhando anacheka.
Ndiyo, kafara, ila ina tarehe yake:
miaka kumi na tano, ikijitahidi ishirini,
halafu aje mwingine na nyundo
asimame hapa nilipo.
Na zege jipya, kwa maji ya bomba.
Nitayaonja mwenyewe.

Kwenye daftari, safu ya Chanzo,
naandika: chumvi ndani ya zege.
Kalamu inasita.
Naongeza: maji ya hori.
Jina siandiki.

Maji yameanza kujaa, kipago cha chini kimezama.
Semhando ananiita tuondoke.
Nagonga mara moja zaidi, bila sababu,
pale kwenye duara.
Bo.