Jumanne, Ndani ya Pipa la Chuma

Kila Jumanne tunazamishwa bila kulowa.
Watu sita, viti sita, pipa moja la chuma
walilotuachia wapiga mbizi waliostaafu,
nyuma ya ghala la sufu, kisiwani Orkney.
Davina anakaza mlango, anabisha mara mbili,
na hewa inaanza kutubana masikio.
Mita tano. Mita kumi. Mezeni mate.
Nje mvua inatembea kwa ubavu, kawaida yake;
ndani tumevaa barakoa, tunavuta oksijeni
na kujaza chemshabongo ya gazeti la jana
kwa bongo hizi hizi tulizobakishiwa.

Sikuja kuponywa. Niseme mapema,
maana dada yangu Inga anadhani nimeingia dini.
Mfa maji haishi kutapatapa, husema.
Kweli.
Ila sisi tumejifunza kutapatapa tukiwa tumekaa.

Daktari wa neva alinionyesha picha:
ubongo wangu, na vidoa vyeupe juu yake
kama chokaa iliyomdondoka fundi mlevi.
Sklerosisi, alisema. Nyaya zimeliwa maganda.
Dawa yake naidunga pajani kila mwezi;
sijaiacha, siiachi.
Lakini dawa ile haina mkono wa kunishika,
wala haiulizi nimeamkaje.

Nilikuwa msuka viti.
Viti vya kwetu, vya mgongo mrefu wa mabua ya oti,
vya kumkinga mtu na upepo upitao chini ya mlango.
Safu juu ya safu, sindano na uzi wa katani.
Vidole vilijua uzi umekazwa kiasi gani
kabla mimi sijajua.
Nilipotimiza arobaini na mmoja
kidole gumba kikalala, hata hakikuaga.
Nikamaliza kiti kizima upande mmoja umelegea
na mteja, bwana Harcus, muungwana,
akalipa bei yote bila neno.
Hilo sikumsamehe.

Tilda wa sindano huja kwa feri.
Ananichoma kuanzia kisigino hadi utosi
mpaka nafanana na nungunungu aliyeomba radhi.
Usiku ule nalala.
Mguu wa kushoto hauruki kama samaki kwenye ndoo.
Hilo si ushahidi, asema daktari.
Hilo ni usingizi, nasema mimi.

Nyuki nao nilijaribu, miezi miwili.
Ertie alinibandikia mmoja mmoja mgongoni,
na kila aliyenichoma akafa.
Nilipohesabu maiti thelathini na nne
kwenye kisahani cha chai, nikasema basi:
mwili huu haustahili msiba mkubwa hivyo.

Leo kuna mgeni. Sweyn, miaka ishirini na mitatu,
ametia mikono mifukoni ili isitetemeke hadharani.
Akauliza kabla barakoa haijamziba:
Hii kitu inafanya kazi?

Tukatazamana, sisi wazamivu wakavu.
Ertie akakohoa. Davina akabisha mara mbili.
Ningemwambia nini?
Kwamba mwaka jana nilipanda ngazi zote za maktaba,
na mwaka huu sizipandi, na Jumanne zilikuwa zile zile?
Nikampa peremende ya mnanaa.
Tafuna, nikasema, masikio yasikuume.
Tukitoka kuna supu.

Tulipotoka hakukaa na wengine mezani.
Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha kona,
kile cha mabua, alichotuachia bwana Harcus kwa wosia,
akajilaza ubavu wake mbovu
upande ule uliolegea,
akafumba macho.
Kila mtu hapa hukigombea kiti kile.
Kimeshika nyonga vizuri, husema,
sijui nani alikisuka.

Nami napuliza supu yangu.