Nusu Saa ya Kukauka

Kaa kwanza, Muhenna. Sikupimi sasa.
Umetoka nje, Ibra inawaka digrii arubaini na sita,
na jasho lako litatoa ushahidi wa uongo.
Rudisha mlango. Kiyoyozi nimekigeuzia uso ukutani
kisije kikapuliza kile tunachokitafuta.
Nusu saa. Kunja mikono ya kanzu, yote miwili.

"Yote miwili? Nimeungua mmoja."
"Huo mzima ndio shahidi."

Kilimpata usiku wa kuamkia Arafa:
sufuria la shaba, haluwa imeanza kuwa nzito,
ikatema tone moja, refu kama ulimi,
likamlamba toka kiwiko hadi karibu na saa.
Haluwa haikudondokei ukaifuta. Inang'ang'ania.
Siku tisa alikificha ndani ya kanzu
kwa asali, kwa dawa ya meno, kwa "si kitu,"
mpaka Ghaniya, mkewe, akasikia harufu
akamleta hapa kama mtu anayerudisha birika bovu dukani.

Leo ni wiki ya tano. Ngozi ni ya waridi, laini.
"Kimefunga," asema, "hata wewe unaona.
Alhamisi narudi jikoni. Harusi mbili, kilo sitini."

Ninaona anachoona.
Lakini ngozi ni mlango wa kuzuia maji yasitoroke,
na mlango unaweza kuwa umerudishiwa tu,
komeo halijatiwa.

Kipimo chenyewe ni kijidude, kama kalamu nene
yenye tundu kichwani. Hakichomi, hakikwangui,
hakiombi damu. Kinatua kama nzi mwenye adabu
na kuhesabu mvuke usioonekana,
maji yanayotoka mwilini bila kuaga.

Dakika kumi na tano. Aniuliza kwetu wapi.
Mudhaireb kwa baba, namwambia, Wete kwa bibi.
"Ahaa, Wete. Ndiyo maana unaamrisha."

Dakika ya thelathini. Usiseme. Usipumulie hapa.
Wa kulia, mzima: tisa.
Wa kushoto.
Namba zinapanda, zinasita,
zinapanda tena, zinatulia:
thelathini na moja.

Anaitazama kama bei aliyotajiwa na mchuuzi.
"Punguza," asema.

Namwonyesha ya wiki ya kwanza, sabini na nne;
ya tatu, hamsini na kidogo.
Unavuja, Muhenna, wala hujisikii.
Joto la jiko litakipasua upya.
"Mashine hii haijawahi kushika mwiko."
"Kweli. Wala haijawahi kumficha mkeo kitu."

Kimya.
Akashusha mkono wa kanzu, wa kushoto kwanza,
polepole, kama anayemfunika mtoto aliyelala.
Kisha: "Niandikie hiyo namba. Kubwa.
Kaka yangu anadhani nakwepa kukoroga."

Nikaiandika kwa wino mwekundu
na kuipiga muhuri ambao haukuhitajika.

Wiki ya nane ilisoma kumi na mbili.
Shahidi bado tisa.
Kumi na mbili na tisa, nikamwambia, ni majirani,
wanaazimana chumvi.
Akatoa mkobani kibakuli cha haluwa ya kaka yake.
"Zafarani kaitia kwa uchoyo," akasema,
lakini kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusamehe.
Ilikuwa imepoa. Juu yake utando mwembamba, unang'aa.
Akaugusa kwa ncha ya kidole.
"Nayo ina ngozi. Isipoiva sawasawa, inatoa maji."

Tukatazamana.
Mlango ulikuwa umefungwa, kiyoyozi kimeelekea ukutani.

Daftari la kliniki halina safu ya haluwa,
kwa hiyo namba ile tunaijua wawili,
na kijidude, nilichokipangusa kwa spiriti mara tatu
na bado kikanukia iliki mpaka Jumapili.