Shaba ya Mwepu

Daktari wa macho ndiye aliyeiona kwanza:
pete ya kahawia ukingoni mwa mboni.
Baba, miaka thelathini mbele ya tanuri,
akacheka kidogo: "Shaba imenifuata hadi nyumbani."

Haikutoka tanurini.
Katika ini la Mwepu kuna protini moja, mchukuzi,
kazi yake kuibeba shaba chembe kwa chembe
hadi mlangoni, itoke na nyongo.
Herufi moja ya agizo ilikosewa.
Protini ikakunjika vibaya, kama shati la mwenye haraka,
ikazuiwa getini, ikavunjwavunjwa.

Shaba ikabaki.

Katuba, alfajiri, mama anahesabu vidonge.
Barabarani malori yamejaa, yanaelekea mpakani,
na hakuna hata moja
linalokosa njia.