Kalamu ya Kijani

Kitabu ni kimoja, wasomaji wawili,
na kati yetu kuna maji ya nusu saa.
Mimi nakata tiketi upande wa mjini,
Mbuke anakata ng'ambo, Kamanga.
Asubuhi nasoma mimi, foleni ikilegea,
kisha nakifunga kwenye gazeti, nampa Bwire,
yule wa kamba za kivuko:
"Mpe Mbuke. Usikilowanishe."
Kesho yake kinarudi, kinanuka dizeli,
kina penseli ya Mbuke pembeni:
"Usimwamini mfamasia. Anacheka kabla ya swali."

Tumefika cha sita sasa
katika visa vya Inspekta Kwandu na Koplo Siwema.
Kwandu huvua viatu
kabla ya kuingia chumba cha maiti;
si heshima, anasema,
sakafu huongea na nyayo.
Siwema, mnene, mpole, mla mihogo,
huwaacha watuhumiwa waseme
mpaka uongo wao uchoke, uombe kiti.
Na anayewadharau katika sura ya pili,
ukurasa wa mia mbili utamkuta ana pingu.

Hiyo ndiyo raha yangu, nakiri.
Mchana kutwa wananigongea kioo,
"We dada, chenji!", kana kwamba nimeimeza,
halafu jioni nafungua ukurasa
na kamanda wa mkoa amesimama wima
akimsubiri mwanamke mmoja amalize kufikiri.

Siku hizi nami naichunguza foleni.
Begi jipya, viatu vya zamani.
Bibi harusi anayevuka bila ndugu.
Mzee aliyelipia watu watatu
akapanda peke yake.
Simkamati mtu. Nampa tiketi na safari njema.

Lakini cha nne kilikuja na jambo.
Chini ya penseli yangu ("Ni shemeji")
na chini ya penseli ya Mbuke ("Ni mjane")
palikuwa na wino wa kijani, herufi za kuinama:
"Itazameni tena ile ndoo."
Ndoo!
Ukurasa wa arobaini, mstari mmoja tu,
ndoo kavu uani siku ya mvua.
Hakuwa shemeji. Hakuwa mjane.
Nikampigia Mbuke. "Ni wewe?"
"Kalamu ya kijani sijaimiliki tangu nizaliwe."

Basi tukafungua jalada.
Kielelezo cha kwanza: dole gumba la grisi, ukurasa wa tisini.
Cha pili: gamba la sato, limebanwa katikati ya sura ya saba.
Cha tatu, na hiki alikiona Mbuke:
wino ule hauzidi sura mbili kwa safari,
ila siku gugumaji lilipokaba injini
tukachelewa saa nzima na ushei,
zikawa sura nne.
Akauliza kwa sauti ya Siwema, mdomo umejaa mihogo:
"Nani anafaidi kivuko kikichelewa?"

Jana nilivua viatu.
Nikashuka gatini pekupeku, saruji inaunguza,
korongo wakinitazama kama mahakimu wa mwanzo.
Bwire alikuwa juu ya rundo la kamba,
midomo inatembea bila sauti,
kalamu nyuma ya sikio.
Hakuniona. Alikuwa na Kwandu,
mlangoni mwa stoo, ufunguo nusu umezungushwa.

Nilikuwa na sentensi tayari, ya kukamatia.
Sikuisema.
Nilihesabu mara ngapi nimemwambia "usikilowanishe",
bila hata jina lake,
kwa sauti ile ile
ninayogongewa nayo kioo.

Leo nimeandika dhana yangu kwa penseli.
Mbuke ataandika yake.
Chini nimeacha nafasi, upana wa vidole vitatu,
na pale mlangoni mwa stoo
nimeweka tiketi, nimeigonga muhuri na tarehe:
Mtu mzima, mmoja. Kwenda.
Nikamwita: "Bwire,
ukimaliza, mpe Mbuke."