Stima Zilipopotea Chiromo

Jumamosi, saa nne usiku. Magari ya Waiyaki yamepungua,
meza ya chuma imeacha kutetemeka.
Ndani ya kichupa kisichozidi kidole gumba
mna rubidi, tone la fedha laini
linalogeuka mvuke likipashwa moto
kwa hita tuliyoinunua Luthuli
tukaichanachana, tukachukua waya tu.

Leza hatuioni. Wekundu wake umevuka mpaka wa jicho.
Kerubo huisaka kwa kamera ya simu yake yenye ufa:
hii hapa, anasema, uzi wa zambarau
umetoboa kichupa ukatokea upande wa pili.

Kitabuni atomu ni moja, haina jirani.
Ipe mwanga wa kipimo chake, itaupokea,
itakaa nao nanosekunde ishirini na sita,
kisha itauachia ukaenda popote.
Ndiyo tuliyoitafuta, hiyo pweke ya kitabuni,
wiki tatu.
Na wiki tatu, kila tukiongeza joto,
mstari kwenye skrini ulisogea,
ukanenepa, ukakataa kukaa penye namba yake.
Nililaumu sumaku. Nililaumu kioo.
Leo nimemlaumu Kerubo, kwa sauti,
naye amefunga daftari
akaenda kubandika chai.

Chai haijachemka, stima zikapotea.

Tulisimama barazani bila kusemezana.
Ng'ambo ya mto Ngara ilikuwa imezimika yote,
mechi imekatika katikati, maghorofa yamenuna,
hapa mshumaa, pale tochi,
kila dirisha na giza lake.

Nusu saa.
Halafu zikarudi, na Ngara ikapiga ukelele:
heeeee!
Mmoja. Hakuna aliyehesabu moja, mbili, tatu.
Mlevi, mtoto aliyepaswa kuwa amelala,
mama aliyeshika pasi baridi,
wote wameguswa na papo hilo hilo,
na ukelele ukatupiga kifuani
mkubwa kuliko jumla ya vinywa vyao,
kisha ukaisha, ghafla, kama ulivyoanza.

Kerubo hakunitazama.
“Zimesongamana mno,” akasema. “Zinasikiana.”

Leza ilitaka saa nzima kutulia.
Tulipandisha joto makusudi, hata mvuke ukawa mzito,
tukazichokoza zote kwa mpigo mmoja, tukapima
zinachukua muda gani kuuachia mwanga.
Tisa.
Si ishirini na sita. Tisa,
na mwali wote umeelekea upande mmoja
kama watu wanaotoka msikitini kwa mlango mmoja.
Tukarudia. Tisa. Tukarudia. Tisa na nusu.

Ipi ilitangulia? Sijui.
Huenda swali lenyewe ni la mtu aishiye peke yake.

Kwenye safu aliyokuwa ameandika *kosa*
Kerubo alikata neno, kalamu ikachana karatasi,
juu yake akaandika *ujirani*,
na alama ya kuuliza.

Msamaha sikuuomba.
Nilikwenda kuwasha jiko tena,
nikakuta maziwa yameganda utando,
nikautoa kwa kijiko, nikamimina vikombe viwili.